Mkuku kwa boti ya kitako bapa: kazi zake, mipaka yake na namna ya kuufunga

Boti yangu ina urefu wa mita 4.9 na kitako chake ni bapa kama meza. Niliiunda uani kwangu, Tanga, kwa plaiwudi ya milimita 12, nikaivika faiba kwa nje na kuifunga mashine ya nguvu farasi 15. Kwenye maji tulivu ya asubuhi ilikwenda vizuri. Siku niliyotoka nayo kusi likivuma, upepo ukitupiga ubavu wa kulia, ndipo ilipoonyesha tabia yake. Omo, yaani mbele ya boti, inakwenda demani, upande upepo unakoelekea, naivuta. Nikiivuta inapita kiasi, nairudisha. Mkono wa mashine haukutulia hata dakika moja. Na kila nilipokata kona, boti iligeuza uso huku mwili wake ukiendelea kuteleza kule ulikokuwa unaelekea, kama sahani juu ya meza iliyolowa.

Niliporudi pwani niliuliza, na watu watatu wakanipa jibu moja: weka mkuku, ule ubao wa chini unaopita katikati ya chombo kwa urefu wake. Nikawauliza kwa nini. Wa kwanza, nahodha wa mashua ya tanga, alisema mkuku utaipa boti uzito chini isiyumbe. Wa pili, fundi mzee wa Pangani, alisema, "Mwanangu, chombo bila mkuku ni mtu asiye na uti wa mgongo." Yeye alikuwa anaogopa kitako kisije kikavunjika. Wa tatu, kijana anayebeba wageni kwa boti ya faiba, alisema mkuku utaifanya iende moja kwa moja.

Neno ni moja, lakini hizo ni kazi tatu mbalimbali, na mkuku unaofaa kwa moja unaweza kuharibu nyingine. Ukianza kutoboa kitako cha boti kabla hujajua unatafuta kazi ipi, unaweza kuondoka na boti mbaya kuliko uliyokuja nayo. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyejiundia boti ya kitako bapa, anaiona inateleza, na keshaambiwa kama nilivyoambiwa mimi.

Kwanza tuutenge mkuku wa jahazi na huu wetu. Fundi wa jahazi, iwe Lamu au Unguja, huanza na mkuku. Ni gogo lililochongwa, linalazwa kwenye vibao, na juu yake ndipo panapoinuka fashini (nguzo za mbele na nyuma), mbao za ubavuni na mataruma, yaani mbavu za ndani. Ukiutoa mkuku hakuna jahazi. Hata mitumbwi ya Sesse ya Ziwa Viktoria, iliyoshonwa kwa mbao, ilikuwa na mkuku uliochomoza mbele kama pembe, na mbao zote zilianzia hapo. Boti ya plaiwudi imejengwa kwa mantiki nyingine kabisa. Nguvu yake iko kwenye mabamba yenyewe na kwenye zile pembe mbili za chini, pale ubavu unapokutana na kitako. Ni sanduku. Sanduku lililobandikwa vizuri linasimama bila uti wa mgongo, ndiyo maana boti nyingi za aina hii huenda baharini bila mkuku wowote. Huko Pacific City, katika jimbo la Oregon, Marekani, wavuvi wana boti za mbao za kitako bapa wanazozizindua moja kwa moja kutoka ufukweni, zikikata mawimbi, na wakirudi huja kwa kasi na kupanda nazo juu ya mchanga. Kwao kitako kisicho na kitu kinachochomoza ndicho faida yenyewe.

Kwa hiyo mkuku wa boti yetu ni nyongeza. Nyongeza lazima ijieleze imekuja kufanya nini.

Kuyumba

Nianze na lile la nahodha, kwa sababu ndilo kosa linalosambaa kuliko yote. Watu wengi huamini mkuku ukishafungwa chini, boti haitayumba. Mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Boti ya kitako bapa haipinduki kwa sababu ni pana. Ukisimama upande wa kushoto, upande huo unazama kidogo, maji mengi zaidi yanasukumwa pale, nayo yanausukuma juu. Nguvu yote inatoka kwenye upana. Ngalawa inafundisha jambo hilohilo kwa njia iliyo wazi zaidi: gogo lenyewe ni jembamba, mtu akiegemea tu linabiruka, lakini likipewa ndubi zake mbili, zile mbao za pembeni zinazoelea, kushoto na kulia linabeba tanga katika kaskazi kali. Wazee hawakuongeza kitu chini ya ngalawa. Waliongeza upana.

Mkuku unaotuliza chombo kwa uzito upo, lakini ni ule wa mashua za matanga za kizungu, wenye risasi ya mamia ya kilo iliyoning'inia chini sana. Majahazi yetu yalipata uzito huo kwa farumi, mawe au mchanga uliowekwa ndani, chini kabisa. Sasa uangalie mkuku wangu. Ni ubao wa mninga wenye urefu wa mita 3.2, upana wa sentimita 4, na kina kinachoanzia sentimita 2 mbele hadi 5 nyuma. Ulikuwa na uzito wa kilo 3 na kidogo. Ukizama unasukuma karibu lita 5 za maji. Maana yake bahari inausukuma juu kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake: mkuku wa mbao unaelea, na kama una athari yoyote kwenye uzito wa boti, ni kuinyanyua. Hakuna utulivu hapo. Unachopata ni boti kuyumba polepole kidogo, kwa kuwa ubao unapinga maji yanayopita chini yake, basi.

Ukiona boti yako inayumba mno, tazama nani amekaa wapi, mafuta yamewekwa wapi, na kama kuna maji yanayotembea ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Lita 40 za maji zinazokimbia kutoka upande huu hadi huu ni hatari kubwa, na hakuna mkuku utakaozizuia.

Kwenda moja kwa moja

Hapa ndipo mkuku unapofanya kazi yake, na ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Kitako bapa hakina cha kuyashika maji kwa upande. Upepo ukisukuma omo, hakuna ukuta wowote chini unaokataa. Mkuku ni ukuta huo. Wangu una eneo la takribani robo ya nusu ya mita ya mraba, yaani sawa na ubao wa sentimita 60 kwa 20 uliosimamishwa ndani ya maji. Si mkubwa, lakini kabla yake palikuwa hapana kitu.

Suala kubwa kuliko eneo ni mahali. Fikiria mshale. Manyoya yake yako nyuma. Mshale ukianza kwenda upande, upepo unayapiga manyoya na kuurudisha mkia mahali pake. Ukiyafunga manyoya yale kwenye ncha, mshale utageuka kinyumenyume mara tu unapoachiwa. Boti ni hivyohivyo. Eneo linaloshika maji likiwa nyuma, boti inajirudi yenyewe kwenye mstari. Likiwa mbele, kila kosa dogo linakuzwa.

Hatari ya mkuku wa mbele inaonekana zaidi unapokimbia na mawimbi nyuma yako, kwa mfano unapoingia mlango wa mto ambao mawimbi yanavunjika juu ya fungu, kama Pangani. Omo inachoma mgongo wa wimbi la mbele, mkuku wa mbele unashika kama nanga, na wakati huohuo wimbi la nyuma limeinyanyua tezi, yaani nyuma ya boti, na linaisukuma. Mbele imeshikwa, nyuma inakimbizwa. Boti inazunguka na kukaa ubavu mbele ya wimbi, na sekunde hiyo ndiyo watu wanayoizungumzia kwa sauti ya chini misibani. Mwenye boti ya kitako bapa anayefunga ubao mrefu kuanzia ncha ya omo kwa kuwa tu unapendeza hivyo, anajiwekea mtego huo kwa mkono wake.

Lakini usiuvute wote nyuma pia. Upepo nao una sehemu yake ya kusukuma, na kwenye boti ndogo sehemu hiyo ni omo iliyoinuka. Ikiwa maji yameshikwa nyuma tu, na mbele hakuna kinachoshika, basi kwa mwendo mdogo upepo utaizungusha omo kuelekea demani kirahisi zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana wangu unaanza mita 1.3 kutoka omo, na unaongezeka kina kuelekea tezi: mbele kidogo, nyuma zaidi.

Kabla ya kushika msumeno, fanya jaribio ambalo halina gharama. Hamisha mzigo. Mimi nilikuwa nakaa nyuma kabisa, mwenzangu karibu yangu, madumu mawili ya mafuta miguuni petu, na mashine juu ya tezi. Omo ilikuwa hewani, inapokea upepo kama tanga. Nilipoyapeleka madumu katikati na mwenzangu akasogea mbele kiasi cha mita moja, lile tatizo la omo kwenda demani lilipungua sana. Kosa la kinyume lipo pia: mzigo ukizidi mbele, omo inachimba na kuanza kuiongoza boti yenyewe, kulia kushoto, nawe nyuma unaifuata. Na utazame mashine. Chini ya bamba lile la juu ya propela kuna pezi dogo linalorekebishika. Likikaa vibaya, mkono wa mashine unavuta upande mmoja muda wote. Boti ngapi zimefungwa mikuku kwa sababu ya pezi la urefu wa kidole.

Nilifanya marekebisho hayo yote, na boti bado iliteleza kwenye kona. Hapo nikajua kilichobaki ni kazi ya mkuku kweli.

Mwendo unabadilisha kila kitu

Boti ile ile ni vyombo viwili. Chini ya mwendo fulani inalima maji, na juu ya mwendo huo inapanda na kuteleza juu yake. Mpaka unakadiriwa hivi: chukua urefu wa boti pale inapokata maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43. Jibu ni noti, yaani maili za baharini kwa saa. Yangu ina mita 4.5 kwenye maji, kwa hiyo inapata noti 5 na kidogo, karibu kilomita 10 kwa saa. Kupita hapo inabidi iinue omo, ipande juu ya wimbi lake yenyewe, kisha ilale.

Ikiwa boti yako ina mashine ndogo, ya nguvu farasi 5 tuseme, na inabeba mzigo, haitapanda kamwe. Boti ya namna hiyo inavumilia mkuku wenye kina zaidi, hata sentimita 10 au 15 kuelekea tezi, na itakushukuru. Haina haraka, maji yanapita polepole, na upepo ndio adui yake mkubwa.

Boti inayopanda ni jambo lingine. Ikishalala juu ya maji, theluthi ya mbele ya kitako iko hewani, na mkuku wa sehemu hiyo hauna kazi mpaka wimbi liupige. Kisha kuna kona. Unapokata kona kwa kasi, uzito wa boti unataka kuendelea mbele. Kitako bapa kinateleza upande, na mtelezo ule unaokuudhi ndio unaopunguza nguvu. Mkuku wenye kina unakataa kuteleza. Maji yanaushika chini, uzito wa watu uko juu unasukuma nje ya kona, na boti nzima inalalia nje, kama mtu aliyetegwa mguu akiwa anakimbia. Pembe ya nje ya kitako ikichoma maji wakati huo, abiria wanaruka nje.

Kwa hiyo kwa boti ya mita 4 hadi 5 inayopanda, sisi tusio na wachoraji wa vyombo tusizidi sentimita 5 za kina. Sentimita 5 za nyuma zilinitosha. Boti bado inateleza kwenye kona, lakini inateleza hatua moja badala ya tatu, na najua itaishia wapi.

Kuna upungufu mmoja ambao kina kidogo hakiwezi kuutibu. Nguvu ya mkuku hupanda na kushuka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka noti 12 ukashuka noti 4, mwendo umegawanywa kwa 3 lakini nguvu ya mkuku imegawanywa kwa 9. Upepo haukupungua hata chembe. Ndiyo maana boti iliyokwenda kama reli huko nje inarudi kuwa sahani pale pale unapokaribia maboya na vyombo vya watu.

Mashine isimeze hewa

Rafiki yangu mmoja alifunga mkuku hadi mwisho wa kitako, ukakutana na ubao wa nyuma, sentimita chache mbele ya mashine. Boti ilikwenda moja kwa moja, ila alipoongeza gesi mashine ilipiga kelele bila kusukuma. Akadhani propela imekufa. Akanunua nyingine.

Propela inataka maji mazito, yasiyovurugwa. Nyuma ya ubao wowote unaokimbia ndani ya maji kuna mkanda wa maji yenye mapovu na vizunguzungu, na mkuku ukiishia mbele ya propela, unaimwagia mkanda huo usoni. Propela inameza hewa, inazunguka bure, mashine inapanda mizunguko na boti inapoteza kasi. Dawa ni kuukatiza mkuku mapema. Uachie kati ya sentimita 30 na 45 kabla ya ubao wa nyuma, na kipande cha mwisho ukichonge kishuke taratibu hadi kufikia kitako, kisikatwe wima. Wangu unaishia sentimita 40 kabla, na sentimita 30 za mwisho zimerandwa kama mkia wa samaki. Rafiki yangu alikata wake kwa msumeno pale pale ufukweni, na propela ya zamani ikafanya kazi.

Ukishafunga, kagua upya urefu wa mashine. Weka ubao mnyofu chini ya kitako uelekee nyuma: bamba la juu ya propela liwe sawa nao, au chini yake kwa sentimita 2 au 3.

Njia nyingine, ambayo naipenda zaidi kadiri ninavyoifikiria, ni kuacha katikati wazi na kufunga vikuku viwili vyembamba, yaani mikuku midogo, kimoja kila upande, nusu ya njia kati ya katikati na pembe. Propela inapata maji safi. Na kuna faida ya pwani yetu: maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, boti inabaki kavu kwa saa kadhaa, na yenye mkuku mmoja wa katikati inalala ubavu huku yenye viwili inakaa wima. Kama ningeunda nyingine leo, ningeanza na hivyo.

Uti wa mgongo

Fundi wa Pangani naye hakukosea. Plaiwudi ya milimita 12 iliyoachwa wazi kati ya taruma na taruma inapumua boti inapopiga wimbi. Weka kiganja juu ya kitako kwa ndani mwenzako akiendesha, utaisikia inapanda na kushuka. Mwaka mmoja wa kupumua hivyo unavunja gundi ya tabaka za plaiwudi. Ubao wa nje ukishikana na ubao wa ndani, na kitako kikawa katikati kama nyama ya sambusa, kupumua kunakwisha.

Sharti lake ni huo ubao wa ndani. Boti ikikaa juu ya jabali, uzito wote unasimama kwenye mkuku, na mkuku usio na kitu cha kuegemea ndani utasukuma kitako juu kama kidole kwenye karatasi. Mbao za ndani zipite juu ya mataruma au zishikane nayo kabisa.

Na neno kuhusu plaiwudi, maana hapa watu wanaumia. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi ukaomba "marini bodi", utapewa ile ya kahawia inayong'aa, ya kumwagia zege. Gundi yake inaweza kuvumilia maji, lakini ndani huwa na mianya kati ya tabaka, na ule mng'ao haushiki gundi ya epoksi. Kama kitako chako ni cha ubao huo, suluhisha kitako kwanza. Mkuku usubiri.

Kuufunga

Kosa langu nitalisema lilivyo. Mara ya kwanza nilipinda ubao, nikapaka gundi, nikapiga skrubu kutoka ndani kupita kitako hadi kwenye mkuku. Kazi ya jioni moja. Baada ya miezi kumi nilitoa skrubu moja kwa sababu tu ilionyesha kutu. Ilitoka na unga mweusi, unyevu, wenye harufu ya majani yaliyooza. Nikachomeka ncha ya bisibisi kwenye tundu, ikaingia ndani ya plaiwudi kama kwenye muhogo uliochemshwa. Maji yalikuwa yamepita pembeni ya kila skrubu, yakatembea kati ya tabaka. Skrubu zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, lakini chuma hicho kinajilinda kwa hewa. Ndani ya mbao zilizolowa, pasipo hewa, nacho kinaliwa.

Mara ya pili nilifanya hivi. Niliipindua boti, nikapima katikati kutoka pembe zote mbili kila nusu mita, nikapiga uzi wa chaki. Usiamini jicho, mkuku uliopinda kwa sentimita moja unaigeuza boti upande mmoja maisha yake yote. Kitako ni bapa kutoka ubavu hadi ubavu, lakini kutoka omo hadi tezi kina mbinuko, kwa hiyo badala ya kuulazimisha ubao mnene nilipasua mbao mbili nyembamba, nikazibandika moja juu ya nyingine zikiwa zimeshafuata mbinuko wa kitako wenyewe, na plastiki katikati zisigande pale. Zilipokauka, umbo lilikuwa lao.

Kisha matundu. Kila panapopita skrubu, sentimita 20 kwa 20, nilitoboa tundu la milimita 12 kwenye kitako, nikaziba upande mmoja kwa utepe, nikajaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wa mbao. Kesho yake nikatoboa katikati ya epoksi ile kwa keekee ya milimita 5. Sasa skrubu inapita ndani ya mrija wa epoksi na haigusi plaiwudi. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo kazi yote ya mkuku. Ukiiruka hiyo, mengine yote hayana maana.

Mninga ulinipa shida ndogo. Mvule na msaji zina mafuta zaidi, na gundi inateleza juu yake. Zipige msasa, zifute kwa asetoni, na ubandike mara moja kabla mafuta hayajapanda tena. Unapokaza skrubu usikaze mpaka gundi yote itoke. Iache tabaka. Nilitumia skrubu za shaba nyeusi, nikajaza kona zote mbili kwa epoksi nzito zikawa za mviringo, nikachuna kingo za mkuku kwa randa, kwa kuwa kitambaa cha faiba hakikubali kukunjwa kwenye kona kali. Kinainuka na kuacha hewa chini yake. Tabaka mbili zikapita juu ya mkuku na kushika kitako sentimita 10 kila upande.

Chini kabisa nilifunga kiatu, ukanda wa plastiki ngumu, kwa skrubu fupi ambazo haziufikii mwili wa boti. Kiatu ndicho kinacholiwa na mchanga na matumbawe. Kinabadilishwa, mkuku unabaki. Ukitumia alumini, usiifunge kwa skrubu za shaba. Maji ya chumvi yataitafuna alumini hadi skrubu zibaki zinaning'inia.

Nilipoirudisha majini nilirudia njia ileile, mzigo uleule, kusi likivuma. Mwenzangu alikuwa na kokoto mfuko wa kushoto. Kila nilipolazimika kuvuta mkono wa mashine zaidi ya upana wa kiganja alihamisha moja kwenda mfuko wa kulia. Tulikuwa tumefanya hivyo kabla ya mkuku pia. Safari hii kokoto zilizohamishwa zilipungua kwa karibu nusu. Kasi ilishuka kidogo sana, chini ya noti moja kwa kipimo cha simu. Kwenye maboya bado upepo unanichukua, kwa hiyo naingia nikitokea demani, mashine ikiwa kwenye gia, na kasia liko tayari.

Kila bamvua, maji yakishatoka, nagonga mkuku kwa mpini wa nyundo kutoka omo hadi tezi. Sauti ikiwa kavu naendelea na shughuli zangu. Ikiwa bubu, siku hiyo boti haitoki.